Shajara ya kamera ya lenzi mbili na filamu ya 120

Shajara hii inafuata kamera moja ya zamani ya lenzi mbili, ya fremu za sentimita 6 kwa 6, tangu ilipokuwa haijulikani kama inafaa hadi ilipoanza kutoa negativu za kuaminika (negativu ni filamu iliyosafishwa, ambayo penye mwanga mwingi huwa peusi). Lenzi yake ni ya mm 80, na tundu lake la kupitisha mwanga hufunguka hadi f/3.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Shata, yaani kizibo kinachofunguka kupitisha mwanga kwa muda uliopimwa, imo ndani ya lenzi, na kasi zake ni kuanzia sekunde 1 hadi 1/500, pamoja na B (shata inabaki wazi muda wote unapobonyeza). Mkono wa pembeni unavuta filamu na kukoki shata (kuikaza tayari kwa kufyatuliwa) kwa pamoja, na kaunta inajihesabia yenyewe, kwa hiyo mgongoni hakuna kidirisha chekundu cha kusomea namba. Filamu ni nyeusi na nyeupe, Ilford FP4 Plus na HP5 Plus, na kazi yote ya kuisafisha kwa dawa inafanyika nyumbani kwa tangi la plastiki. Gharama zimeandikwa kwa roli, fremu na dawa, maana hizo ndizo atakazozilipa yeyote atakayeirudia kazi hii.

Roli ya 120, ambayo Kodak iliileta mwaka 1901, haina kopo wala matundu ya pembeni. Ni utepe wa filamu wenye upana wa karibu mm 61, ulioshikizwa kwa mkanda wa gundi ncha moja tu kwenye karatasi ndefu nyeusi, na vyote viwili vimezungushiwa spuli. Kwa 6 kwa 6 unapata fremu 12, kila moja ikiwa na kipimo halisi cha mm 56 kwa 56. Pembeni mwa fremu hubaki ukingo mwembamba usio na picha, wenye jina la filamu na namba zilizochapwa kiwandani. Ukingo huo ndio shahidi mkuu wa kazi hii: karibu kila hitilafu iliyotokea, jibu lake lilisomeka pale mapema kuliko kwenye picha yenyewe. Usiukate.

4 Februari: Ukaguzi bila filamu

Mgongo ulifunguliwa, shata ikawekwa B, tundu la lenzi f/3.5, na tochi ikamulikwa kwa mshazari. Hakuna nyuzi za kuvu. Utando mwepesi wa kioo cha mbele ulitoka kwa pumzi na kitambaa cha lenzi. Majani ya tundu ni makavu, hayana mafuta.

Kasi za shata ndizo zilizochukua muda. Njia rahisi ni kurekodi sauti kwa simu karibu na lenzi, kisha kuifungua kwenye programu ya kuhariri sauti. Utaona mlio wa kufunguka na mlio wa kufunga. Pima nafasi iliyo kati yake. Njia hii inatosha hadi 1/30. Kuanzia 1/60 milio inaungana na kipimo hakiaminiki tena. Kwa kasi za juu ilitumika fototransista (kihisi kidogo cha mwanga) iliyounganishwa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta: kihisi nyuma ya lenzi, tochi mbele yake. Kila shata inapofyatuka mwanga unachora kilima, na upana wa kilima ndio muda halisi.

Sekunde 1: ilitoka 1.4
1/2: ilitoka 0.65
1/30: 1/29
1/125: 1/110
1/250: 1/210
1/500: 1/340

Kasi za kati ni nzuri. Ile ya 1/500 inapitisha mwanga wa ziada unaozidi kidogo nusu stopu (stopu 1 ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), jambo la kawaida kwa shata za umri huu, na negativu ya nyeusi na nyeupe inalibeba bila shida. Kasi za polepole zimechelewa kwa sababu treni ya gia zake imeshika mafuta yaliyokauka. Kuifyatua mfululizo kuliishusha sekunde 1 hadi 1.2, lakini kesho yake ikarudi 1.4. Kifaa kinachopona kwa muda baada ya kuzoezwa kina uchafu. Springi iliyochoka haiponi hivyo. Lenzi haikufunguliwa kwa ajili ya kasi mbili tu. Kasi halisi ziliandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa ndani ya kifuniko cha kioo cha kulengea, na kuanzia sekunde 2 kwenda juu inatumika B, kebo ya kufyatulia na saa.

Tahadhari mbili kwa shata za aina hii. Nyingi zina springi ya ziada kwa 1/500: chagua kasi hiyo kabla ya kukoki, kamwe si baada. Na usiguse wenzo wa kujipiga, ule wa kuchelewesha shata kwa sekunde kadhaa. Gia zake ndizo hukwama kwanza, na zikikwama shata yote inabaki imefungwa.

11 Februari: Fokasi ya juu haikubaliani na ya chini

Kamera hii inalenga kwa lenzi ya juu na kupiga kwa ya chini. Zikitofautiana hata kwa nusu milimita, roli nzima itakosa ukali na hutajua hadi filamu ikauke. Jaribio hili lisirukwe.

Chukua kipande cha kioo chenye ukwaru upande mmoja, kilicho kipana vya kutosha kulala juu ya kingo mbili za ndani za chuma, pale filamu inapokaa. Upande wa ukwaru utazame lenzi. Usikiweke kwenye kingo za nje: hizo hubeba bati la kubana, ziko juu zaidi, na zitakupa tofauti ya uongo. Shata ifunguliwe kwa B na kebo yenye skrubu ya kufungia, tundu likiwa f/3.5, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia mara 10.

Ukurasa wa maandishi uliwekwa mita 1.5 na kulengwa kwa kioo cha juu. Nyuma, maandishi yalikuwa yamefifia, na kilichokuwa kikali ni kitu kilicho karibu sentimita 25 nyuma ya ukurasa. Kisha pete ya fokasi ikawekwa alama ya ∞. Nyuma, upeo wa macho ulikuwa mkali kabisa. Juu, upeo ulififia na kilichokuwa kikali kilikuwa umbali wa mita 9 au 10. Kwa hiyo lenzi ya kupigia iko sawa. Anayedanganya ni kioo cha juu.

Wengi hapa hukimbilia kuizungusha lenzi ya juu hadi ikubaliane. Angalia kwanza kioo cha fokasi, yaani kilekile cha kulengea. Kilipotolewa, kwa kufungua skrubu 4 za boma la juu, kilionekana kimewekwa kichwa chini: upande wa ukwaru ulitazama juu badala ya kutazama chini kwenye kioo cha mshazari, kile kinachorusha juu taswira ya lenzi ya juu. Kioo hicho kina unene wa mm 1. Kikigeuzwa, uso unaopokea taswira unapanda kwa kiasi kinachokaribia theluthi mbili za unene huo, kwa kuwa glasi yenyewe nayo inasogeza kidogo mahali miale inapokutana. Kwa lenzi ya mm 80 hiyo inatosha kuzaa tofauti yote iliyoonekana. Kuutambua upande wa ukwaru ni rahisi: inamisha kioo chini ya taa, upande laini unarudisha taa kwa mstari mkali, upande wa ukwaru unaitawanya.

Kilirudishwa ipasavyo, na fokasi ikakubaliana kwa mita 1.5, mita 3 na ∞. Kioo cha mshazari kilipulizwa vumbi tu. Fedha yake iko juu ya uso, na kitambaa kikiipitia kinaichubua.

18 Februari: Kupakia roli ya kwanza

FP4 Plus, ISO 125 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga). Kupakia ni kazi ya kawaida: spuli tupu juu, roli mpya chini, ulimi wa karatasi unaingia kwenye mpasuo wa spuli tupu, unazungusha hadi mishale ya karatasi ikutane na alama za kuanzia, unafunga mgongo, unazungusha hadi kaunta isome 1. Fanya yote kivulini. Ukiwa na roli iliyoharibika au iliyopitwa na wakati, itoe sadaka kwa mazoezi ya mchana, kisha gizani, kabla ya kugusa roli nzuri.

Fremu zote 12 zilipigwa kwa makusudi ya upimaji: ukuta mweupe, anga tupu, maandishi ya mbali na ya karibu. Roli ilipotoka, ilikuwa laini ikibanwa kwa vidole, na karatasi ilikuwa imetokeza kidogo pembeni mwa spuli. Roli iliyokazwa vizuri ni ngumu. Jambo hili liliandikwa bila kufanyiwa kitu. Malipo yake yako kwenye ingizo la tarehe 24.

20 Februari: Kusafisha, na mambo mawili yaliyoharibika

Gizani karatasi inatangulia, kisha inakuja ncha huru ya filamu, na ncha yenye mkanda wa gundi ndiyo ya mwisho. Bandua mkanda huo polepole. Gundi ikinyofolewa kwa kasi hutoa mwako hafifu, na filamu inauona.

La kwanza kuharibika: filamu ilikwama katikati ya safari kwenye rili ya plastiki, ile ya kuizungushia filamu ndani ya tangi. Ndani ya mfuko wa giza mikono ilikuwa imetoa jasho, hewa ikawa na unyevu, na filamu ya 120, ambayo ni pana na nyepesi, ikaanza kunata kwenye vijia vya rili. Ikasukumwa. Matokeo yake ni alama ndogo za mwezi mwandamo, nyeusi kwenye negativu, katika fremu ya 5 na ya 6: pale filamu ilipokunjika, emulsheni (tabaka linalohisi mwanga) iliminywa. Fremu hizo haziponi.

Dawa ya kukwama ni kuacha. Tia rili na filamu ndani ya tangi, funga kifuniko, toa mikono, acha vikauke, kisha anza upya. Tangu hapo hatua hizi zimeondoa tatizo kabisa:

Rili inasuguliwa kwa mswaki na maji ya moto, kisha inakaushwa hadi ndani ya vijia. Mabaki ya dawa ya mwisho, ile inayofanya maji yateleze kwenye filamu yasiache madoa, ndiyo gundi kubwa zaidi. Dawa hiyo sasa inatumika kwenye beseni la pembeni, haiingii tena kwenye tangi.

Inayoingia kwanza kwenye rili ni ncha yenye mkanda, mkanda ukiwa umekunjwa kuizunguka filamu. Ncha inakuwa ngumu na inapita vizuri kwenye mipira midogo ya kushikia. Pembe mbili za ncha hukatwa mm 2 hivi ziwe butu.

Dawa zenyewe hazikuwa na shida. Divelopa (dawa inayotokeza picha) ilikuwa ID-11 kwa 1+1: ml 250 za dawa na ml 250 za maji, nyuzi 20 za Selsiasi, dakika 11. Pindua tangi mara 4 ndani ya sekunde 10 za mwanzo, kisha vivyo hivyo mwanzoni mwa kila dakika. Baada ya kila mpinduo, gonga tangi mezani ili viputo vya hewa vipande juu. Divelopa ya 1+1 hutumika mara moja na kumwagwa. Maji ya kusimamisha, kisha fiksa ya haraka (dawa inayofanya picha idumu) kwa 1+4, dakika 4. Kusuuza: jaza maji pindua mara 5, mwaga, jaza pindua mara 10, mwaga, jaza pindua mara 20. Maji yakizidi nyuzi 20, kata karibu asilimia 10 ya muda wa divelopa kwa kila digrii, lakini usishuke chini ya dakika 5, maana kwa muda mfupi hivyo filamu haisafishiki sawasawa.

La pili kuharibika lilionekana filamu ilipotundikwa. Upande mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho wa roli, kulikuwa na utepe uliopauka wa mm 8 hivi, wenye mpaka wa mawimbi. Wa kwanza kushukiwa alikuwa kamera. Lakini maandishi ya kiwandani ya ukingo wa upande huo nayo yalikuwa yamepauka, wakati ya upande wa pili yalikuwa meusi. Maandishi hayo huchapwa kiwandani, kamera haiyagusi, hivyo kosa lilikuwa ndani ya tangi. Klipu inayozuia rili isipande juu ya nguzo haikuwekwa. Tangi lilipopinduliwa rili ikapanda, na ukingo wake wa juu ukabaki nje ya dawa. Ml 500 ni kiasi sahihi kwa 120, ila kinafunika rili iliyo chini kabisa tu.

Gharama: roli 1, ml 500 za divelopa. Fremu 10 bado zinafaa kusomwa kwa upimaji.

24 Februari: Kuusoma ukungu

Roli hiyohiyo ilikuwa na alama nyingine mbili, na zote ni weusi usiotakiwa, yaani mwanga ulioingia pasipo njia yake.

Ya kwanza: meno meusi yasiyo na mpangilio kwenye kingo zote mbili, makali zaidi mwisho wa roli. Hii ndiyo roli legevu ya tarehe 18. Kilicholinda filamu ni karatasi iliyobanwa na mabega ya spuli tu. Roli ikilegea, mwanga unapenya pembeni wakati wa kuitoa. Chanzo kilikuwa springi bapa ya chini, ile inayopaswa kuikandamiza roli mpya izunguke kwa shida kidogo. Ilikuwa imelala. Ilipindwa juu kwa koleo ndogo, kidogo kidogo, hadi spuli ikawa haizunguki kwa uzito wake yenyewe. Isitoshe, wakati wa kupakia sasa kidole gumba kinaikalia roli ya chini mpaka mishale ifike kwenye alama. Roli zote zilizofuata zilitoka ngumu.

Ya pili: wingu jeusi upande mmoja wa fremu ya 3, 7 na 8. Hapa ndipo ukingo unapofanya kazi yake nzuri kuliko zote. Ukungu ukikoma pale pale fremu inapokoma, mwanga umeingia kwa mbele: shata, lenzi au chumba cha kamera. Ukungu ukivuka mpaka wa fremu na kuingia kwenye ukingo, mwanga umetoka nyuma, kwenye mgongo au vyumba vya spuli. Huu ulivuka. Kujua ni upande gani wa mgongo, kumbuka kwamba taswira ndani ya kamera imepinduka juu chini na kulia kushoto. Kwenye picha iliyosimama sawa, wingu lilikuwa kushoto. Basi kwenye kamera, ukiitazama kwa nyuma, mwanya unaopitisha mwanga uko kulia. Fremu zilizoathirika ni zile zilizokaa juani muda mrefu kabla ya kuvutwa.

Sponji ya kuzuia mwanga kwenye mfereji wa kulia wa mgongo ilikuwa imeoza na kuwa kama lami. Ilikwanguliwa kwa kijiti cha mbao, si cha chuma, ikafutwa kwa spiriti, na badala yake ukawekwa uzi mweusi wa sufu kwa gundi nyembamba. Kwa mifereji ya namna hii uzi ni bora kuliko sponji mpya: hauozi, na unene wake unaubadilisha kwa kuongeza uzi wa pili. Angalia tu mgongo ufungike bila kulazimishwa.

10 Machi: Eksposha (kiasi cha mwanga kinachoifikia filamu)

HP5 Plus, ISO 400, ikifuata kipima mwanga kilichojengwa ndani ya kamera. Ilisafishwa kwa ID-11 1+1, dakika 13. Negativu zikatoka nyembamba, vivuli vikiwa kioo kitupu. Maandishi ya ukingoni yalikuwa meusi na makali. Kusafisha kulikuwa sahihi, basi. Kilichopungua ni mwanga.

Kipima mwanga hicho kilibuniwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35. Betri hizo hazitengenezwi tena, na iliyokuwemo ni ya alkali ya volti 1.5. Volti ikizidi, sindano inapanda kupita kiasi, kamera inaamini kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, nawe unafunga tundu bure. Ukaguzi bila kifaa chochote: juani kweupe, f/16 inakwenda na kasi inayolingana na ISO, yaani 1/125 kwa filamu ya ISO 125. Sindano ilidai stopu moja pungufu ya hapo.

Betri ya zinki-hewa, ile ya vifaa vya kusaidia kusikia, ina volti karibu 1.4 na inarekebisha sehemu kubwa ya kosa, lakini ukishabandua kibandiko chake inakufa ndani ya wiki chache hata usipoitumia. Uamuzi uliobaki ni kipima mwanga cha mkononi. Pima kivuli cheusi zaidi ambacho bado unataka kionekane kitu ndani yake, kisha funga stopu 2 kutoka kwenye kipimo hicho. Roli iliyofuata kwa utaratibu huu ilijaa vizuri kwenye vivuli, na anga haikuziba.

Vichujio vina mtego wake kwenye kamera ya aina hii: lenzi unayotazamia haina kichujio, kwa hiyo hakuna kinachokukumbusha. Njano ongeza stopu 1, rangi ya chungwa stopu 2, nyekundu stopu 3. Kuepuka kusahau, badilisha ISO kwenye kipima mwanga mara tu kichujio kinapovaliwa: FP4 Plus yenye kichujio cha njano isomwe kama 64.

Muda mrefu nao una nyongeza yake. Kwa FP4 Plus, Ilford wanatoa kanuni ya kupandisha muda uliopimwa kwa kipeo cha 1.26. Sekunde 4 zinakuwa karibu 6, sekunde 10 zinakuwa 18, sekunde 30 zinakuwa 73. HP5 Plus inahitaji zaidi, kipeo chake ni 1.31.

Gharama: roli 1 ya HP5 Plus, nzima.

31 Machi: Utepe usio na ukali

Katika roli mbili tofauti, fremu moja moja ilikuwa kali kote isipokuwa utepe mwembamba karibu na ukingo wa chini wa picha. Lenzi haiwezi kufanya hivyo kwa fremu moja na kuiacha inayofuata. Daftari la fremu lilisaidia: kila mara ilikuwa fremu ya pili baada ya kamera kulala usiku na roli ndani.

Filamu hapa inatoka spuli ya chini, inapinda kwenye rola, kisha inapanda mbele ya lango, yaani uwazi ambapo filamu hupokea picha. Ikikaa saa nyingi, sehemu iliyo kwenye rola inashika mkunjo. Fremu iliyokuwa langoni tayari iko salama. Ile inayofuata ndiyo inayobeba mkunjo huo kuingia nao langoni, na bati la kubana haliunyooshi wote. Maliza roli siku ileile ukiweza. Usipoweza, fremu inayobeba mkunjo ipigwe kwa f/11 au f/16. Kwa f/3.5 filamu ina nafasi ya takriban mm 0.17 mbele au nyuma kabla jicho halijaona tofauti. Kwa f/11 nafasi hiyo ni mm 0.55.

Wakati huohuo lilijaribiwa jambo la karibu. Kwa mita 1.2 na f/3.5, kina cha ukali ni sentimita 8 tu, sawa na kutoka ncha ya pua hadi karibu na sikio. Kwa f/8 kinafika sentimita 18. Tena katika umbali huo lenzi ya juu inaona fremu tofauti na ya chini, na vichwa vinakatwa. Pima kwa rula kutoka kitovu cha lenzi moja hadi cha nyingine, hapa mm 42. Lenga, kisha pandisha nguzo ya tripodi kwa kiasi hicho kabla ya kubonyeza. Bila tripodi, acha nafasi juu ya kichwa na ukubali kukata baadaye.

21 Aprili: Kunakili kwa kamera ya dijitali

Negativu inalala juu ya kisanduku cha mwanga, kamera ya dijitali inatazama chini na lenzi ya makro. Kihisi cha mm 24 kwa 36 kinaibeba fremu nzima ya mm 56 kwa ukuzaji wa 0.43; kwa kihisi cha pikseli 6000 kwa 4000 unapata picha ya pikseli 4000 kwa 4000, ya kutosha kwa chapa kubwa. Ukitaka zaidi, piga kwa 1:1 vipande 6, safu 3 za vipande 2, kisha viunge.

Pembe za picha zilikuwa laini upande mmoja. Kamera haikuwa sambamba na negativu. Laza kioo cha kujitazamia mahali pa negativu, na urekebishe hadi lenzi ijione katikati kabisa ya fremu. Ni sahihi kuliko pimamaji. Kilichofuata ni miduara ya rangi kama ya mafuta kwenye maji, iliyotokea pale mgongo unaong'aa wa filamu ulipogusa glasi ya kuilaza. Glasi ya juu iliondolewa, na filamu sasa inashikwa kingoni tu na fremu ya kadibodi nyeusi. Filamu iliyojikunja inawekwa ndani ya kitabu kizito kabla ya kunakiliwa.

12 Mei: Namba angani

Roli ya HP5 Plus iliyokaa miezi ndani ya begi lenye joto, ikiwa imeshapigwa, ilitoka na kivuli hafifu cha namba na vidoa kwenye anga la fremu ya 9 hadi ya 12. Ni wino wa karatasi ya mgongo: joto na unyevu vinaufanya uache alama kwenye emulsheni iliyobanwa nao. Inaonekana pale tu penye rangi moja pana. Kwenye majani au ukuta wa mawe huioni kamwe, ndiyo maana wengine huilaumu lenzi.

Hakuna dawa ya baadaye isipokuwa kufuta kwa mkono kwenye kompyuta. Utaratibu uliowekwa: filamu mpya kwenye friji ndani ya kifungashio chake, itolewe saa kadhaa kabla ya kufunguliwa ili mvuke usigande juu yake, ikishapigwa, ifungwe kwa kibandiko, iwekwe kwenye kopo lisilopitisha mwanga mahali pakavu, isafishwe ndani ya wiki moja.

Jaribio linaloendelea: roli mbili za FP4 Plus, mandhari ileile yenye jua kali, zikipigwa kwa ISO 80. Moja itasafishwa dakika 11, nyingine dakika 9 na nusu, kuona ni wapi mawingu yanashika umbo bila vivuli kupoteza kitu. Rili zinakauka.